Mgomo wa Matete ya Bwawa la Tatu

Kwa Mkuu wa Idara ya Majitaka,

Shikamoo mzee. Naamini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mama na watoto.

Mimi ndiye mtunzaji wa yale mabwawa matatu ya matete nyuma ya soko. Nimepokea barua yako ya onyo, isemayo kwamba maji yatokayo bwawa la tatu bado ni machafu, na yakiwa hivyo tena mwisho wa mwezi huu nitafute kazi nyingine. Mzee, kwa heshima zote, umemwonya asiyehusika. Mimi sisafishi maji. Yanayosafisha ni matete, kwa kunyonya kwa mizizi yao naitrojeni na fosforasi ya vyoo vya mji mzima. Naomba basi nilete mashtaka yangu dhidi yao.

1. Matete yanachagua siku za kazi. Maji yakiwa nyuzijoto ishirini na nane, yanakula bila kuinua uso. Yakishuka hadi kumi na nne, hayataki kusikia habari ya chakula wala ya kukua. Asubuhi hiyohiyo mimi nimo majini hadi magotini, buti linavuja, kipimajoto mkononi. Sijawahi kuiambia idara kwamba leo nasikia baridi, nitarudi kukiwa na joto.

2. Joto likirudi, yanavuka mipaka. Msimu uliopita yaliziba dirisha la ofisi yangu, nikawa nawasha taa saa sita mchana ili nijaze fomu ya kueleza jinsi yanavyostawi. Dada wa maabara, ambaye hupokea chupa za maji tu na hajawahi kufika bwawani, akaandika kwamba mimea imefanya kazi nzuri. Mtunzaji hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Iliniuma.

3. Yanarudisha. Majani yakinyauka huangukia majini, yakaoza, na virutubisho vyote vilivyoliwa vikarudi bwawani. Mimi nimekula kwenye mikutano mingi ya idara na sijarudisha kitu.

4. Bwawa la tatu ndilo kinara wa mgomo. La kwanza na la pili yanajikokota, lakini angalau yanaonekana kazini. La tatu halijanyonya chochote tangu baridi ianze. Dada wa maabara anadai baridi peke yake haiwezi kuleta tofauti hiyo, kwa sababu mabwawa yote matatu yana joto lilelile. Mimi nasema ni tabia.

Kwa hiyo naomba matete ya bwawa la tatu yapewe barua ya onyo kama yangu. Nitayasomea mwenyewe ukingoni, hakuna haja ya mtu kusumbuka kuja. Yakikaidi, idara iyanunulie blanketi. Blanketi zikikosekana, onyo langu lifutwe, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Nisikufiche, mzee, naogopa. Nina miaka tisa katika ndoa, na ni juzijuzi tu mama mkwe ameanza kuniita mwanangu. Kabla ya hapo nilikuwa "yule wa vyooni". Ukinifukuza nitarudi kuwa yule wa vyooni, tena bila vyoo.

Nisalimie karani wa masijala, dereva wako, na hata dada wa maabara, sina kinyongo naye. Mama mkwe naye anakusalimu sana.

Ni mimi mtumishi wako, mhudhuriaji wa nyuzijoto zote,

Mtunzaji wa Mabwawa

N.B. Nimesikia sasa hivi kwamba unakuja kukagua mwenyewe. Tafadhali upitie lango la mbele. Njia ya nyuma inapita kwa mama mkwe, na atakusimamisha akuonyeshe ua wake mpya wa matete, mrefu, mnene, anaoringia mtaa mzima. Niliyakata bwawa la tatu baridi ilipoanza, nikiamini yataota tena baada ya wiki mbili kama yafanyavyo wakati wa joto. Hayajaota. Kuung'oa ule ua siwezi, mzee, maana siku nilipomaliza kuujenga ndiyo siku aliyoniita mwanangu.