Mtaa Wenye Digrii Nyingi

Jumatatu, 3 Machi
Duka limekuwa tanuri. Bati juu, lami mbele, jani hata moja hakuna. Mteja kaja kupimwa suruali. Kabla sijafika kiunoni kavuka barabara, kaenda kwa Bwana Kivuli, fundi mwenzangu aliyebahatika kupakana na bustani. Mama watoto kasema amechoka kuchemka, Jumatatu ijayo anahamishia cherehani yake huko. Kwa adui!

Jumanne, 4 Machi
Neema. Afisa wa miti wa jiji kapita. Kasema ana miche thelathini, na mtaa utakaokutwa na digrii nyingi kuliko yote ndio utakaopandiwa. Anapima Ijumaa. Wenzangu wakaanza kulalamikia jua. Mimi nikaanza kuhesabu wasomi ninaowajua. Kumbe jiji limeanza kuheshimu wasomi! Mimi niliishia darasa la saba, lakini kuazima sijashindwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata vyeti kumi na viwili vya chuo kikuu. Cha shemeji, cha mwalimu, cha mfamasia aliyekuwa akikifunikia mtungi. Vyote nimevigongomea barazani. Mama watoto kauliza vya nini, nikamweleza. Kacheka mpaka kakaa chini, sababu hasemi. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Afisa kaja saa saba mchana, katundika kidude cha kioo katikati ya vyeti. Nadhani kinasoma mihuri. Kisha kaenda kwa jirani kuomba maji. Wasomi wangu watatu wamekuja na majoho, yamekunjamana, aibu tupu. Nikajaza pasi mkaa pomoni, nikayanyoosha palepale chini ya kidude. Afisa karudi, kasoma: digrii arobaini na moja. Mtaa wa Bwana Kivuli thelathini na nne tu, eti kwa sababu ya bustani. Nilijua. Anayekaa bustanini kutwa atasoma saa ngapi?

Jumatatu, 10 Machi
Ushindi! Miche yote thelathini ni yetu, imeshapandwa. Cherehani ya mama watoto haijasogea hata inchi. Bwana Kivuli kanipa mkono, uso kaukunja. Vyeti kumi na viwili, digrii arobaini na moja: kumbe majirani nao wamesoma, hawasemi tu.

Ila afisa kanikera. Kasema miti ikikua, kivuli na unyevu wa majani vitashusha digrii zetu. Zishuke, baada ya jasho lote hili? Thubutu. Nimeshanoa mkasi. Jani likichomoza, nakata.