Mistari Sita ya Meza Kuu

Mshauri alikuwa mtu wa kuonyesha sehemu. Ukimwomba hesabu za biashara aliyokushawishi uingie, atafungua jedwali lake kwenye kompyuta, atapitisha kipanya juu ya safu zenye sura nzuri, ataamuru printa itoe hizo tu, kisha atakukabidhi karatasi ingali na joto. Faida utaiona. Hasara itabaki kule kule kwenye kompyuta, imelala zake, haimsumbui mtu. Kwa hiyo tusimwite mwongo. Kila alichoonyesha kilikuwa kweli, ila hakuwahi kuonyesha chote.

Cheo cha Mshauri alijipa mwenyewe, maana waliopaswa kumpa walichelewa. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na gari jeupe, na gari hilo ndilo lililokuwa ofisi yake, heshima yake na nusu ya maneno yake. Alilipenda kuliko alivyowahi kumpenda binadamu yeyote, na kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa laini kabla hajanawa uso.

Siku hiyo aliliegesha mlangoni mwa steshenari, pale pale watu walipotaka kupita, akaingia kungoja zamu yake. Mbele yake alisimama mama wa makamo, miwani kifuani, mkoba kwapani, na sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha wapwa.

"Chapa hapa tu, baba," alimwambia mchapaji, kidole kikigusa kioo cha kompyuta. "Meza kuu peke yake. Mengine yasitoke."

"Nichague mistari hii sita?"

"Hiyo hiyo. Usije ukateleza ukatoa yote, kamati ya harusi itanila nyama."

Masikio yakamsimama Mshauri. Mtu mwingine angemwona mama anachapisha karatasi, lakini yeye alimwona mama anaficha kitu, na kuficha ndiyo kazi iliyomlisha miaka yote. Printa ikakoroma. Shingo yake ikarefuka kidogo, kwa adabu, akasoma: bwana harusi, bibi harusi, wasimamizi wao wawili, halafu Tajiri wa Saruji, na mstari wa sita mtupu.

Sasa ieleweke kwamba mwezi ule mji mzima ulikuwa ukimnyemelea huyo Tajiri. Alikuwa anatafuta wakala mmoja wa kumuuzia saruji yake mjini, na watu wazima wenye vitambi walikuwa wanakosa usingizi kwa ajili yake. Kiti kando yake, kwa saa tatu, huku ameshiba na anacheka? Mshauri alimeza mate.

Akamfuata yule mama hadi nje.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Tunajuana?"

"Tutajuana. Nimeona meza yako ina pengo, nikasikitika. Harusi kubwa kama ile, picha zitatoka na kiti kitupu."

Mama akaikumbatia karatasi kifuani. "Wewe umeona meza kuu tu. Ungeona kulikobaki ungejua taabu yangu. Kuna mawaziri wanagombania viti huko nyuma, na hawa nao nimewakatalia."

Huko nyuma! Mshauri alilitamani lile jedwali zima kama mtoto anavyotamani chungu kilichofunikwa. Lakini alikuwa mtu wa mipango, akajizuia. Akasema ana mfanyabiashara mmoja, mtu mpole, anayestahili kiti kile.

"Kiti hakiuzwi," alisema Shangazi kwa ukali. "Hukaa aliyechangia. Na sisi hapa tulipo hatuna hata gari la bibi harusi." Akatazama barabarani, akapangusa jasho. "Jeupe ndilo analolitaka, mtoto wa watu."

Hapo moyo wa Mshauri ulipigana na tumbo lake. Tumbo likashinda. Gari ni la siku mbili tu, alijiambia, na litarudi limepambwa maua.

"Chukua langu, Shangazi."

"Mungu akuzidishie. Nipe na kadi yake, mwanangu. Polisi wakitusimamisha, unataka bibi harusi aanze kulia barabarani?"

Akampa funguo na kadi, naye akapewa karatasi, siku na jina la ukumbi. Kila mmoja alimwona mwenzake mjinga, wakaagana kwa upendo mwingi.

Jioni hiyo Mshauri alikaa kwenye kompyuta ya steshenari, akaiga ile meza kuu mstari kwa mstari. Mstari wa sita akaujaza jina la Mwenye Duka la Vyuma, akauchagua pamoja na ile mitano, akachapa. Akafuta, akaweka Mkandarasi, akachapa. Akafuta tena, akaweka Mwenye Malori. Kisha akampelekea kila mmoja karatasi yake na bei ya kiti.

"Na wengine wamekaa wapi?" aliuliza Mkandarasi, akiigeuza karatasi kutafuta upande wa pili.

"Mzee, hilo ni jedwali la watu wakubwa. Nimekutolea eneo lako tu. Nikikuonyesha la wenzako, kesho nitawaonyesha lako."

"Kweli kabisa," alisema Mkandarasi, na akalipa nusu kwa unyenyekevu. Nusu ya pili wote watatu waliahidi kuitoa ukumbini, wakishaketi. Nusu ya kwanza Mshauri aliinunulia suti.

Siku ya harusi alisimama kwenye ngazi za ukumbi na suti yake, akisubiri mambo mawili: pesa zake na gari lake. Mpango ulikuwa kuzipokea pesa haraka, mmoja mmoja, kisha aingie garini kabla wale watatu hawajakutana kwenye kiti kimoja.

Bibi harusi akafika ndani ya gari jekundu.

Mshauri aliutazama ule wekundu mpaka mlango ulipofunguliwa na kufungwa. Akamkimbilia katibu wa kamati, kijana aliyekuwa akibandika ukutani jedwali la viti, lote, meza zote.

"Shangazi yuko wapi?"

"Shangazi yupi? Wapo wanane."

"Mwenye miwani. Wa meza kuu."

"Meza kuu niliipanga mimi," alisema katibu. "Wamekaa mabibi wa pande zote mbili."

"Na Tajiri wa Saruji?"

"Huyo sisi tunanunua saruji yake tu, kaka. Hatujuani."

Nyuma ya Mshauri mtu akakohoa. Walikuwa wamesimama watatu, kila mmoja na karatasi yake, wakizilinganisha kwa utulivu wa kutisha. Hakuna aliyempiga, maana walikuwa watu wenye majina. Walimvua tu suti, viatu na saa, Mwenye Malori akaongeza na mkanda, wakamwachia fulana na kaptula.

Alirudi kwa miguu, akipita vichochoroni. Aliumia, na si kwa ajili ya suti. Kila gari jeupe lililopita lilimchoma. Alipofika steshenari mchapaji alikuwa anafunga.

"Yule mama," alisema Mshauri. "Alikwambia anakaa wapi?"

"Hakusema. Alikuja asubuhi ile akauliza gari jeupe linaloziba mlango huu kila siku ni la nani. Nikamwambia la Mshauri, atakuja tena leo. Akakaa akakusubiri."

Mshauri akashika meza. "Faili lake unalo?"

"Limo humu."

Kompyuta ikawashwa, meza kuu ikatokea, mistari yake sita. Chini yake palikuwa peupe.

"Wako wapi mawaziri?" aliuliza Mshauri.

"Mawaziri gani? Faili zima ni hili. Hata mimi nilishangaa ananiambia nichague, wakati hakuna kingine cha kutoka."

Mshauri alivuta kiti akaketi, fulana ikimwonyesha mbavu, macho hayatoki kwenye kioo.

"Shusha chini kidogo," alisema.

Mchapaji akashusha. Pakaendelea kuwa peupe.

"Shusha tena," alisema Mshauri.