Siku Maman Alipojiita Malkia

Leo nimeaibika mbele ya parokia nzima. Nawaandikia ninyi wenzangu mliokimbilia Kampala kwa sababu ninyi mko mbali.

Kila Jumapili baada ya misa, mwalimu wa katekisimu anasoma hadithi zetu salini, yaani ukumbi wa parokia. Jina la mwandishi halitajwi. Hilo ndilo lililonipa moyo (mimi hata kununua chumvi najificha nyuma ya watu).

Niliandika kuhusu familia inayoishi kwenye ubao wa sataranji. Wiki tatu, kurasa mbili! Mfalme ni baba: anasogea hatua moja tu, kutoka kitandani hadi redioni. Malkia ni mama: anakwenda kokote, hata Kamanyola kutafuta mchele, na kila kizuizi anapita. Watoto ni askari wadogo wa mbele. Mtu akibisha hodi wanasema, "Papa hayuko!"

Mnajua vita hivi. Mwanaume akikamatwa njiani anabebeshwa masanduku ya risasi, basi, humwoni tena. (Mimi mfupi, wananihesabu mtoto.) Papa yangu amejificha nyumbani miezi minne. Majirani tumewaambia yuko Kamituga, anachimba dhahabu.

Mwalimu akasoma. Watu wakacheka! Nikafurahi kimya kimya. Alipofika kwa malkia, Maman akasimama, mikono juu:

"Iyo reine ni miye! Mugisho, mwanangu, umeniandika muzuri!"

Sali nzima ikanigeukia.

Kisha Maman Furaha, jirani yetu, akauliza polepole:

"Reine ni weye. Sasa roi, ule mfalme, iko wapi? Si ulisema papa Mugisho iko Kamituga?"

Maman akaketi kama gunia. Nilitaka kuingia chini ya benchi. Benchi likapinduka na waimbaji watatu juu yake.

Nikiwa pale sakafuni, miguu ya waimbaji usoni, nilijua nimemuuza baba yangu kwa kurasa mbili.

Maman Furaha akakohoa.

"Ule wangu iko mu plafond, kule darini."

"Wangu iko nyuma ya kabati," mwingine akasema. "Anakohoa sana, ananichosha!"

"Wangu anavaa kitenge changu!"

Wakacheka mpaka wakalia. Mwalimu akafunga daftari, akanirudishia, akasema, "Iyi maneno itabakia humu." Wote wakaitika, "Ndiyo."

Nyumbani Maman alimwambia Papa kila kitu. Papa akanyoosha mkono: "Leta." Akasoma kurasa zote mbili, akarudia ya kwanza. Nilingojea kofi.

"Mugisho."

"Papa."

"Hatua moja? Umeniandika vibaya. Toka kitanda mpaka choo ni hatua kumi na mbili. Niko nazihesabu kila siku."

Nimefuta, nimeandika choo na hatua kumi na mbili. Anayetaka kunicheka, ahesabu kwanza zake.