Hotuba ya Uzinduzi wa Ingokho kwa Juisi ya Muwa

Mheshimiwa sana mke wangu Jescah, mwenye boma hili, ambaye miguu yako imo ndani ya beseni la maji moto kwa sababu ya kupikia wageni wiki nzima ya Krismasi. Binti yetu Mideva, uliyetoka Nairobi na familia yako yote pamoja na nguo chafu. Jirani yetu Kibet, uliyefika mapema ukiwa na sahani yako mwenyewe. Wajukuu wote kwa kufuata umri, akiwemo aliyelala. Wadau wa lishe hapa Lumakanda, hamjambo? (Hatujambo, kwa sauti ya njaa.) Hamjambo tena? (Mjukuu mmoja anapiga miayo.)

Nimesimama juu ya kiti hiki, mwiko ukiwa kipaza sauti changu, mimi Clifford, naibu wa chifu mstaafu, kukumbusha umma kwamba Jumapili, mbele ya mchungaji, nilitangaza kuwa jioni ya leo Jescah hatagusa sufuria, ataketi, atapakuliwa, na atakula mlo ambao haujawahi kuonekana katika kaunti hii wala kaunti jirani, yaani ingokho, kuku wetu wa kienyeji, aliyechemshwa kwa juisi ya muwa, akaungwa kwa njugu na kuteremshwa na obusuma, ugali wetu, wa moto! (Makofi. Kibet anapiga sahani.)

Serikali ya nyumba hii haikukurupuka. Tulifanya fizibiliti, tukaandaa rodimapu, tukashirikisha stekiholda wote isipokuwa kuku, na utafiti ukaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya waliohojiwa, ambao ni mimi, wanaunga mkono implementesheni ya haraka. Muwa wenyewe nimeuteua kutoka Navakholo, na ungekuwa hapa sasa kama haungetafunwa na hawa wajukuu. (Vicheko. "Babu, na kuku ako wapi?") Maswali yatachukuliwa mwishoni.

Tena sikilizeni, maana hili sijawahi kulisema hadharani. Ile firigisi, ambayo mila humpa mwenye mji, na ambayo nimeila bila kupingwa tangu nioe, leo nimeamua kwa moyo mweupe kumkabidhi Jescah, kwa sababu amechoka, nami nimemwona amechoka, na nimeona haya. (Jescah anainua uso. Mideva: "Ai, Baba!" Makofi marefu.)

Kinamama! (Wapumzike!) Mwiko! (Kwa baba!) Njaa! (Tunayo!)

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote kwa uvumilivu. Kwa namna ya pekee namshukuru Shangazi Namalwa, shangazi yake Jescah, aliyeondoka asubuhi kurudi Navakholo, na ambaye sisi hapa hatungemwacha aende mikono mitupu, kwa kuwa mgeni wa heshima hufungiwa kuku. Mtakumbuka nilitoa hotuba ya kumuaga. Mtakumbuka mlipiga makofi, na wewe Kibet ulipiga mluzi. Sasa mimi nikipigiwa makofi hivyo siwezi kujizuia, ndipo nikamfungia yule jogoo mwekundu, ambaye, kama itakavyokuwa imewadhihirikia wataalamu, ndiye aliyekuwa mradi. (Kibet anageuza sahani kifudifudi.) Nafurahi kuripoti kwamba Shangazi amepiga simu sasa hivi, jogoo ameiva vizuri sana, na firigisi ameila yeye mwenyewe. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Jescah anatoa miguu kwenye beseni, anavaa ndala, anaelekea jikoni. Anafika mlangoni. Anageuka, anarudi, anaketi, anarudisha miguu majini.)

(Jescah: "Clifford, shuka kwa kiti. Wewe hupikangi, unaongeanga tu. Mimi nimengoja hii jioni tangu Jumapili, na leo sipiki, hata kama tutalala njaa sisi wote. Unga uko. Sukuma wiki iko shambani. Enda.")

Mheshimiwa, hoja yako imepokelewa, na kamati itaundwa ili...

("Enda!" Umati wote, pamoja na aliyekuwa amelala.)

(Mheshimiwa msemaji anashuka. Anatoka na mwiko wake. Baada ya kitambo sauti inasikika kutoka nyuma ya nyumba, ndogo, bila kipaza sauti.)

Jescah, mama... sukuma huoshwa kwanza ndiyo ikatwe, ama hukatwa kwanza?