Shavu la Upande wa Dirisha

Jumamosi, 4 Mei. Asubuhi jua kali, hakuna wingu.
Muuza zipu amekuja kwenye karakana yetu ya ushonaji. Amemsalimia wifi yangu, ninayeshona naye, "Mambo, dada." Kisha akanigeukia mimi: "Shikamoo, mama." Mimi! Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, ananizidi miaka minne. Na muuza zipu mwenyewe ana mvi ndevuni. Wifi ameshawapigia simu ndugu watatu kuwasimulia. Muuza zipu huja kila Jumamosi. Nina siku saba za kurudi kuwa dada.

Jumapili, 5 Mei. Jua.
Nimejikagua kwa kioo na tochi. Jicho la kushoto makunyanzi tisa, la kulia matatu. Jirani yangu muuguzi akauliza cherehani yangu iko wapi. Dirishani, nikamwambia, dirisha likiwa kushoto, mwaka wa kumi na moja huu. Akasema ndilo hilo: jua huzeesha ngozi hata likipitia kwenye kioo cha dirisha. Tena silali vya kutosha, na nashindia chai, maji siyagusi. Ushauri wake: kofia, kivuli, usingizi, mafuta ya kukinga jua. Akaongeza kwamba kilichoharibika miaka kumi na moja hakitengenezeki kwa wiki. Hajui ninavyojua kujipanga.

Jumatatu, 6 Mei. Jua.
Nimemshauri wifi tubadilishane nafasi, kwangu kuna upepo mzuri. Akasema, "Wifi yangu, upepo wenyewe ndio uliokukausha hivyo? Niachie kivuli changu."

Jumanne, 7 Mei. Jua.
Maji chupa sita kabla ya adhuhuri. Mwenye karakana ameuliza kama nimeajiriwa kushona au kulinda choo. Mashati ishirini hayajatiwa mikono. Maji nimeyafuta kwenye mpango.

Jumatano, 8 Mei. Jua kali mno. Vizuri!
Nimepata jibu, tena la kifundi. Shati likipauka upande mmoja, linaonekana kuukuu. Likipauka lote sawasawa, mteja anadhani ndiyo rangi yake. Kumbe tatizo si uzee, ni tofauti! Nimegeuza cherehani, dirisha sasa liko kulia. Kofia sikuvaa, ingechelewesha kazi. Saa ya mapumziko nimekaa uani, shavu la kulia juani.

Alhamisi, 9 Mei. Jua.
Shavu linawaka moto. Dalili njema.

Ijumaa, 10 Mei. Jua.
Shavu linabambuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Muuguzi ameshika kichwa, akauliza sekondari nilisoma nini. Hesabu, nikamjibu. Makunyanzi ya kulia: manane. Limebaki moja tu!

Jumamosi, 11 Mei. Mawingu.
Nimepaka poda mapema. Muuza zipu amefika saa nne. Kwa wifi, "Mambo, dada." Kisha akanigeukia mimi. Akatazama shavu la kushoto, akatazama la kulia. Akaweka mkoba chini, akanisogezea kiti.
"Shikamoo, bibi."
Wifi amecheka hadi sindano ikamkatikia. Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini?
Lakini hesabu haikukosea, pande zote mbili zimelingana. Kosa ni la dirisha, linaleta mwanga wa pembeni. Mwanga ungetoka juu, uso mzima ungekwenda pamoja, paji hadi kidevu. Nimechora paa la karakana, na bati la kung'oa nimelitia alama: lile la juu ya kiti changu. Mchoro ulihitaji utulivu. Sasa ni saa tisa na robo usiku, ndiyo kwanza naenda kulala.