Nimejitangazia Msiba Darasa la Tatu

Leo nimetangaza msiba. Marehemu ni mimi. Nimeutangaza mbele ya darasa la tatu zima, wazazi wao na mwalimu wao. Suruali bado inakauka, nimejifunga kitenge cha dada yangu, na kabla dada mwenyewe hajawasimulia kwa kuongeza chumvi (huongeza gunia), nawasimulia mimi.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa barabara. Leo nyanya za Ilula, kesho mchele wa Igawa, nasafiri na malori, nalala lori linapolala. Binti yangu Atupele anaishi na shangazi yake Vumilia, hapa Uyole. Mimi ananipata kwenye simu. Sasa juzi wenzake darasani wakamwambia, "Wewe huna baba. Wewe una sauti tu." Mtoto wa miaka tisa! Akawajibu, "Siku ya wazazi mtamwona." Akanipigia akilia, nikaahidi.

Kwa hiyo leo nilikuwa na kazi moja. Kuonekana. (Kazi ambayo hata jiwe linaiweza.)

Jana Vumilia alinipigia nikiwa Igawa anieleze kanuni za mwalimu mpya. Huyu Mwalimu Tusekile hatumii fimbo. Ana kanuni, za watoto na za wazazi pia. "Kaka, unanisikia? Mzazi afike kabla ya saa mbili. Halafu ukishavuka geti..." Wakati huo nabishana na mtu juu ya gunia la mchele lililolowa chini. Nikawa naitikia tu. Ndiyo. Sawa. Nimeelewa. (Sikuelewa kitu. Lakini gunia nililikataa!)

Alfajiri nikadandia lori la Sanga, rafiki yangu anayekwenda Tunduma. Makubaliano yetu: anishushe Uyole, anywe chai, mimi nikaonekane, yeye apige honi, tuendelee na safari. Baridi ilikuwa kali, nikajikunyata, nikalala. Katikati ya usingizi nikasikia kishindo. Mwili ukanyanyuka kitini. Sanga akapiga kelele, "Yesu!" Halafu kimya. Usingizi ukanichukua tena.

Nilipofumbua macho, lori limesimama. Nje ni weupe mtupu. Sanga ananitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona usoni kwake, miaka yote hii.

"Kaka," akasema taratibu, "umefika."

Basi, hilo tu. Nikashuka. Nilipogeuka kumuaga, lori sikuliona.

Ukungu wa Uyole ninaujua. Wa leo siujui. Nilinyoosha mkono nikaona mpaka kwenye kiwiko, vidole nikavikuta kwa kupapasa. Sokoni, mahali ambapo asubuhi watu hugombana kwa furaha, nilisikia kikohozi kimoja cha mtu nisiyemwona. Nikapanda njia ya shule, viazi kushoto, viazi kulia, mikaratusi ikidondosha maji. Mbwa akatokea kwenye weupe. Akaja mpaka miguuni. Akaninusa. Akanipita kama amenusa ukuta. Hakubweka!

Nikampigia Vumilia. Namba haipatikani. Vumilia huyu huyu, ambaye simu yake huoga nayo.

Getini alisimama mlinzi, koti jeusi refu mpaka kwenye viatu. "Habari za asubuhi, mzee wangu?" Akanitazama. Akaweka kidole mdomoni. Kisha akanyoosha mkono kuelekea madarasani, polepole, kama mtu anayeonyesha njia isiyo na kurudi. Hatua chache mbele nikakutana na mama mmoja aliyejitanda shuka. Nikamsalimia kwa Kinyakyusa changu cha kuombea maji. "Ugonile, mama?" Akainamisha macho. Akapita. Akayeyuka nyuma ya jengo.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nisingelikumbuka ningekuwa na akili.

Tulipokuwa wadogo kule juu ya Ilula, wakubwa wetu walituhadithia darasa la ukungu. Walisema asubuhi za ukungu mzito kuna watoto hutangulia shuleni kabla ya wote. Wanakaa kwenye madawati, wanamsubiri mwalimu wao ambaye haji. Ukiingia ukawasalimia wakaitika, kimbia. Lakini wasipoitika, usijisumbue kukimbia. Wasipoitika ujue uliyekufa ni wewe.

(Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Nina kidato cha nne. Nawaomba mlikumbuke hilo huko mbele, litanisaidia.)

Mlango wa darasa la tatu ulikuwa wazi. Nikapangusa matope, nikavua kofia, nikaingia nikiwa nimeandaa tabasamu. Nyote mmesoma, mnajua mgeni akiingia darasani kinachotokea. Madawati yanalia, watoto wanasimama kwa mpigo mmoja, shikamoo inatikisa bati. Nilikuwa nimejiandaa kwa hiyo shikamoo tangu Igawa.

Hakuna aliyesimama.

Watoto walikuwepo. Darasa lilijaa. Wote wamelaza vichwa juu ya madawati, nyuso zimefichwa mikononi, masweta ya kijani mstari kwa mstari, na ukungu umeingia madirishani ukakaa katikati yao kama nao umeandikishwa. Ubaoni hakuna neno. Meza ya mwalimu ina kiti, kiti hakina mtu. Na lile darasa lilifanana na letu la utotoni kule Ilula, kila kitu! Vizibo vya soda vya kuhesabia, vimetungwa kwenye uzi. Fagio la chelewa kwenye pembe ile ile. Harufu ya chaki na sufu mbichi. Dawati la dirishani, kama nilikokaa mimi enzi zile, lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, wazi.

"Hamjambo watoto?"

Kimya.

"Watoto, hamjambo?"

Tone likaanguka kutoka kwenye bati. Nililisikia likitua.

Nikamtazama aliyekuwa karibu nione kama mgongo unapanda na kushuka. Ukungu ukapita kati yetu. Nikamwona Atupele dawati la mbele, namjua kwa kile kisogo, ni changu mimi. Nikamgusa bega. Hakugeuka. Mwanangu aliyenililia kwenye simu, nimesimama nyuma yake, hageuki.

Nikapiga hesabu. Kishindo barabarani. "Yesu!" "Umefika." Mbwa. Simu. Mlinzi. Mama wa shuka. Hesabu ikakubali bila baki.

Lakini kilichoniuma, jamani, hakikuwa kufa. Niliumia kwamba nimekufa siku hii hii. Wenzake watasema, si tulikwambia?

Basi nikasimama mbele ya darasa, kofia kifuani, nikasema. Nilisema kwa sauti, kwa sababu nilijua hakuna anayesikia.

"Atupele, mwanangu. Ni baba. Nimekuja. Ila nimechelewa, na safari hii nadhani nimechelewa moja kwa moja. Lori limeanguka. Sikusikia maumivu, usiwe na wasiwasi. Uwaambie wenzako baba yako alikuwepo. Alikuwa na miguu, alikuwa na koti. Koti apewe shangazi yako. Na umwambie ile nyama ya Pasaka aliyomsingizia paka, niliila mimi."

Nikaanza kulia. (Naendelea kuwa mkweli kwenu, nami sijui kwa nini.) Nikainua macho ili machozi yasishuke, na hapo nikaona madirisha ya nyuma.

Nyuso.

Kila dirisha lilijaa nyuso. Zimejitanda mashuka na vitenge, zimesimama kwenye weupe, zinanitazama, wala hazisemi. Wengine wameziba midomo kwa mikono. Nikajua hao ni wazee wetu waliotangulia, wamekuja kunipokea. Nikawapigia goti. Halafu katikati yao nikamwona dada yangu.

"Vumilia!" nikapiga ukelele ambao nadhani Ilula waliusikia. "Na wewe pia? Sasa mtoto tumemwachia nani?"

Vumilia akatoweka dirishani. Alianguka. Kwa kicheko, nimeambiwa baadaye.

Kengele ndogo ikalia. Ti-ling. Darasa zima likainuka kama mtu mmoja: "SHIKAMOO MGENI!"

Nikarudi nyuma kwa kasi ya ajabu, nikakalia ndoo ya maji ya kunawia mikono. Nikaingia vizuri, mpaka kiunoni. Maji ya Uyole, asubuhi. Nikajua niko hai. Maiti hasikii baridi namna ile.

Mlangoni alisimama mwanamke mfupi ameshika kengele. Ndiye Mwalimu Tusekile. Uso mkavu kabisa. "Mgeni," akasema kwa sauti ndogo, "watoto wanasubiri marahaba yao."

"Mara... marahaba," nikaitikia kutoka kwenye ndoo.

Sasa kanuni nilizoitikia "nimeelewa" ni hizi. Mzazi afike kabla ya saa mbili (nilifika imeshapita). Akivuka geti, kimya, na simu imezimwa. Anakwenda barazani nyuma ya darasa, anatazama kwa dirishani, kwa sababu baadhi ya wazazi walikuwa wanadai bila fimbo watoto hawatulii na mwalimu anataka wajionee. Watoto wanalaza vichwa. Hawamwamkii mtu, hawamgeukii mtu, hata akiingia simba, mpaka kengele. Hakuingia simba. Niliingia mimi.

Mzee mmoja, aliyekuwa kinara wa kudai fimbo, akaongea kupitia dirishani akijifuta machozi. "Mwalimu, kama hawakuinua vichwa kwa hili, fimbo ya nini tena? Mimi mwenyewe nimeshindwa kutulia."

Kijana mdogo wa dawati la pili akanyoosha kidole. "Mwalimu, huyu ni nani?"

Moyo wangu ukasimama kuliko ulivyosimama nilipokuwa marehemu. Nimelowa, nimekwama kwenye ndoo, makamasi yananitoka. Nikatamani Atupele akatae. Ningemwelewa.

Atupele akasimama. "Ni baba yangu."

"Lakini amesema amekufa."

"Hajafa," Atupele akasema, kama anayemsahihishia mtu hesabu. "Amechelewa tu. Huwa anachelewa."

Akaja akanishika mkono akanivuta kutoka kwenye ndoo. Darasa zima likaangalia mikono yetu. Niliona yule kijana akiitazama miguu yangu, akaridhika kwamba ipo.

Mngedhani yameisha. Mwalimu Tusekile akasema kwa upole ule ule kwamba aliyechelewa na kupiga kelele hulaza kichwa dawati la dirishani mpaka mapumziko, na kanuni ni za watoto na wazazi. Kiranja wa darasa ndiye humsimamia. Kiranja wa darasa la tatu ni nani? Ni Atupele.

Nikakaa kwenye ile nafasi. Magoti yalifika kidevuni. Nikalaza kichwa, mbao zina harufu ile ile. Na huko chini barabarani, ndani ya ukungu, honi ya Sanga ikalia. Ndefu. Mimi honi sijawahi kuiacha, tangu nimemaliza shule. Kichwa kikaanza kuinuka chenyewe.

"Baba," kiranja akanong'ona. "Kichwa."

Nikakirudisha. Honi ikalia tena, kisha nikasikia lori likipanda gia kuelekea Tunduma, mpaka sauti ikaisha.

Jioni hii nimempigia Sanga. Kishindo kilikuwa tuta ambalo hakuliona. Na ule upole? Alikuwa amekula maandazi yangu yote nikiwa nimelala.

Niko kwa Vumilia, sijui naondoka lini. Naomba msicheke. Atakayeshindwa kujizuia alaze kichwa kwanza, maana kiranja amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika.