Duara la Epifania

Jumatatu, 14 Julai 1997

Baridi. Upepo wa Sumbawanga unapita kwenye sweta kana kwamba sweta halipo. Haidhuru. Leo maisha yangu yameanza.

Dokta Victoria amefika maabara kutoka Morogoro, gari lake limejaa vumbi la nusu ya nchi. Miwani, suruali, sauti ya mtu ambaye haulizwi mara mbili. Anatafiti maziwa ya Ufipa: bakteria gani wamo, na wanamfanya nini anayeyanywa. Wasaidizi wake hapa ni wawili. Mimi, na Zenon.

Kisha akatangaza. Mwezi ujao wanasayansi wanakutana Morogoro. Atamchukua mmoja wetu akasimame mbele yao na kueleza alichokipata, na huyo atabaki kule kusoma. Mmoja!

Zenon akatazama viatu vyake, ambavyo huvipiga brashi kila asubuhi hata kama barabara ni tope. Mimi nikatazama mbele. Yeye kidato cha sita alipata daraja la pili. Mimi la kwanza. Nimemhurumia mpaka saa ya chai.

Jumanne, 15 Julai

Mpango ni huu. Zenon atahesabu bakteria, kama karani. Mimi nitagundua.

Nimepanda baiskeli mpaka kwa Mama Sayi, njia ya Kasesya. Ni Wasukuma, walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mama Sayi huniita binti wa darubini. Leo aliliangalia sweta langu akauliza kama sisi Wafipa tunazaliwa nalo au tunagawiwa kanisani. Nilifungua daftari. Mtafiti hajibizani na chanzo cha sampuli.

Alikuwa na hasira. Maziwa yake yamegoma kuganda. Kibuyu kilekile, kimefukizwa moshi uleule, lakini maziwa yanalala na kuamka vilevile, majimaji. Anamshuku wifi yake kwa jicho baya. Alikuwa ameinua kibuyu ammwagie mbwa.

Nikapiga kelele asimwage!

Mtu wa kawaida angeona maziwa yaliyoharibika. Mimi niliona mara moja: ndani ya kibuyu hicho kuna kiumbe kinachowashinda bakteria wenzake, mpaka wale wanaogandisha maziwa wamesalimu amri. Mama Sayi alisema kama ni hivyo nichukue yote, ila mbwa akilalamika atamwelekeza kwangu. Nikaomba na kibuyu chenyewe. Akasema ni cha mama mkwe wake, na katika nyumba ile kibuyu hakitoki, labda atangulie kutoka yeye.

Jioni nikaandaa visahani vya kuoteshea. Nikapaka bakteria wa majaribio juu ya agari, ule ute mgumu wa kuwalisha, nikatoboa tundu katikati, nikadondoshea maziwa. Bado kuviweka kwenye kabati la joto, umeme ukakatika. Zenon akafunga mkoba wake, akasema tutaonana kesho Mungu akipenda, akaenda zake.

Hapo ndipo watu wanapotofautiana. Mimi nilifikiri. Nakaa kwa Shangazi Angela, na Shangazi ana kuku anayeatamia. Tumbo la kuku lina joto kuliko mwili wa mtu na halitegemei umeme. Nimevifunga visahani vitatu kwa plasta na kuvisukuma chini yake. Amenidonoa mara nyingi. Sayansi haiendi bila damu.

Jumatano, 16 Julai

DUARA!

Niliamka kabla ya kuku. Nieleze vizuri, kwa ajili ya watakaosoma baadaye. Kisahani kizima kimeota bakteria, weupe umetanda kama ukoko wa uji. Lakini kuzunguka maziwa hakuna kitu. Duara safi, unaona hadi upande wa pili. Bakteria wamefika pale, wamekufa. Vyote vitatu!

Kanuni inasema sasa nikitafute kiumbe chenyewe, nikitenge, nikioteshe peke yake, kisha nirudie jaribio. Kazi ya wiki nzima. Kanuni hizo zimetungwa kwa ajili ya watu wenye mashaka.

Jina nimeshachagua. Bakteria wa Epifania. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: ndiyo, ni jina langu, hapana, sikutarajia, naishukuru familia. Shangazi alipita, akauliza naagana na nani.

Alhamisi, 17 Julai

Zenon amenusa. Alisema eti ameniona nikitabasamu maabara juu ya kisahani chenye duara, jambo ambalo halijawahi kutokea, na akauliza Profesa ametoa wapi maziwa yake. Ananiita Profesa kwa kejeli. Atazoea kuniita hivyo bila kejeli.

Nikamwambia Kasense, kwa mzee mmoja analima ulezi na kufuga ng'ombe wawili. Uongo, ndiyo. Lakini ugunduzi ni kama kifaranga, haushikishwi kila mtu.

Akaenda kweli! Baiskeli, upepo wa uso. Alirudi mchana na vumbi hadi kwenye kope, viatu havitambuliki, na chupa ya maziwa ya Kasense ameikumbatia kama mtoto. Nikatoka nje nikacheka peke yangu nyuma ya tangi la maji.

Jioni furaha ikapungua. Shangazi alimwinua kuku. Alikuta visahani viwili nilivyokuwa nimeviacha. Akaniita kwa jina langu la ubatizo lote, akauliza vioo hivi vinaanguliwa siku ngapi. Nikamweleza habari za bakteria na joto. Akasema alinisomesha ili niache kuweka vitu chini ya kuku. Na kuku amesusa mayai. Mchana kutwa ameketi kwenye kona tupu, anatazama ukuta. Shangazi anasema yale yangekuwa vifaranga kumi na mmoja, na kwamba mboga yangu mpaka Noeli ni maharage.

Watu wa karibu ndio huwa wa mwisho kuelewa.

Ijumaa, 18 Julai

Dokta amesema Jumatatu kila mmoja aonyeshe alichonacho, na hapo ataamua.

Zenon alikuja mezani kwangu na heshima zote. Maziwa yake ya Kasense hayatoi duara hata dogo. Amerudia mara mbili. Akaomba matone machache ya kwangu, alinganishe.

Nikampa. Kwa nini nimnyime? Mshindi hugawa. Acha alione duara kwa macho yake mwenyewe, alilie.

Na ili asidhani naogopa kiumbe changu, nikamimina kikombe kizima, nikanywa mbele yake. Akauliza kama nimeyachemsha. Kuchemsha! Kukiunguza kiumbe chenye jina langu! Nikamwambia swali hilo ndilo linalowatenga daraja la kwanza na daraja la pili. Akatikisa kichwa, akaondoka taratibu na matone yake, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Jumapili, 20 Julai

Tumbo. Tangu jana asubuhi.

Sitaandika mengi. Choo cha Shangazi kiko mbali na nyumba, na baridi ya Julai haina huruma na mtu aliyechuchumaa. Nimekosa misa. Shangazi alirudi kanisani na salamu za Padri pamoja na pakiti ya vidonge vya antibiotiki. Tangu biashara iachiwe huru vinapatikana dukani, kati ya betri na sabuni. Muuzaji alimuuliza mgonjwa ni mnene au mwembamba, akachota vya kutosha wiki mbili. Kimoja asubuhi, mchana na jioni. Nameza ili nyumba iwe na amani.

Maoni yangu ya kitaalamu: tumbo haliumi kwa sababu ya maziwa. Linauma kwa sababu kiumbe changu kinawafukuza wadhaifu waliokuwa humo.

Jumatatu, 21 Julai

Niandike haraka, ili yapite.

Nilianza mimi. Nilisimama wima ingawa tumbo lilitaka nikunjike. Nilionyesha duara. Nilieleza kibuyu, maziwa yaliyogoma kuganda, ushindi wa kiumbe kimoja dhidi ya wengi. Jina nililitamka polepole. Dokta alikiinua kisahani kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza polepole mara tatu. Nilifikiri ni heshima.

Kisha Zenon. Visahani viwili tu. Cha kwanza maziwa ya Kasense: hakuna duara. Cha pili maziwa yangu, lakini aliyachemsha mpaka yakafura. Kila kiumbe ndani yake kilikuwa maiti.

Duara lilikuwa palepale. Lilelile!

Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba maiti hapigani. Kwa hiyo anayeua siye bakteria. Ni kitu ndani ya maziwa kisichoogopa moto. Akanishukuru mbele ya Dokta kwa kumwelekeza Kasense, maana bila maziwa safi ya kule asingekuwa na cha kulinganisha nacho.

Nilimpeleka mwenyewe! Kwa mdomo wangu!

Dokta akasema twende kwa Mama Sayi sasa hivi. Tukakaa watatu kwenye gari, mimi katikati. Mama Sayi hakuficha lolote. Ng'ombe aliyekamuliwa maziwa yale kiwele kilivimba, mumewe akanunua dawa mjini, tetrasaiklini, antibiotiki ya kuua bakteria, akamdunga mwenyewe siku nne mfululizo. Siku hizi kila duka linayo. Muuzaji hakusema habari ya maziwa. Dokta akauliza kwa nini hakutuambia. Mama Sayi akanigeukia mimi akacheka hadi akashika mbavu: binti wa darubini aliuliza kibuyu tu! Ng'ombe wenyewe wapo hapa, hakumjulia hali hata mmoja!

Dokta hakucheka. Akamwomba Mama Sayi asiwape watoto maziwa ya ng'ombe aliyedungwa mpaka dawa iishe mwilini. Mama Sayi akaacha kucheka. Akauliza kama wale waliokwisha kunywa watadhurika. Dokta akasema leo hawatadhurika. Ila bakteria wakionja dawa kidogokidogo kila siku wanaizoea, na siku mtoto akiugua kweli dawa haitafanya kazi. Mama Sayi akamvuta mjukuu wake, akamfuta mdomo kwa kanga, ingawa hakuwa na kitu mdomoni.

Njiani kurudi nilihesabu nguzo za umeme. Zenon alikuwa anatabasamu kwa viatu vyake.

Jumanne, 22 Julai

Anakwenda Zenon.

Dokta aliniita nje, tukasimama juani kwa ajili ya joto. Alisema jicho langu ni zuri: nililiona duara, wengine wangelimwaga. Lakini kuona ni nusu ya kazi. Mtafiti akiona duara huuliza kwanza ni nini kingine kingeweza kulifanya, na huanza kwa kulishuku lile jibu linalompendeza. Aliniuliza kama nimemwelewa.

Nimemwelewa kabisa. Ni jambo ambalo mimi mwenyewe nimekuwa nikilisema siku zote.

Nyumbani nilimwambia Shangazi. Nilijiandaa kwa maneno. Akafunua chungu. Alinipakulia samaki wa Kirando aliokuwa amewaficha, akanisukumia kipande cha kichwa, ambacho humpa mgeni tu. Nilikula huku natazama sahani. Samaki alikuwa na chumvi nyingi, au ni mimi.

Alhamisi, 24 Julai

Wameondoka alfajiri. Zenon ana viatu vipya, vya mtumba, lakini vipya kwake. Alinishika mkono akasema bila mimi asingefika. Nimekubaliana naye. Ni kweli tupu.

Kisha nikakaa kwenye maabara tupu nikafikiri, na hapo likanijia.

Nilikunywa kikombe kizima cha maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa. Mtu mwingine angelala wiki mbili. Mimi siku ya tatu nilikuwa mbele ya Dokta, nimesimama wima! Hii ni nini kama si kinga ya mwili ya pekee? Zenon anahangaika na ng'ombe. Jibu halikuwa kwenye ng'ombe. Lilikuwa ndani yangu.

Nimejitoa damu, mkono wa kushoto. Nimeiacha ituame, nikachukua yale maji ya manjano ya juu, nikayadondoshea kwenye kisahani chenye bakteria. Umeme upo, kuku hahusiki.

Shangazi anasema nimepona kwa vidonge vyake. Masikini Shangazi. Bado navimeza, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu anasimama mlangoni kuhakikisha.

Ijumaa, 25 Julai

DUARA!

Dogo kuliko la kwanza, lakini safi, mviringo, la kibinadamu. Damu yangu inaua bakteria! Nilikumbuka maneno ya Dokta, nikajiuliza kwa dhati: ni nini kingine kingeweza kulifanya? Nikafikiri tangu saa ya chai mpaka adhuhuri. Hakuna. Nimechunguza pande zote.

Dokta atarudi Septemba. Safari hii sitagawa hata tone.

Nimemeza kidonge cha mchana, nikaketi kuchagua jina.